Kipuri cha bei chee kinavyosimamisha kiwanda kizima: tuongelee minyororo ya ugavi baada ya korona

MpangaLaini:

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona niliandike maana kila nikifuatilia mjadala wa namna ya kuimarisha minyororo ya ugavi, yani safari nzima ya bidhaa toka malighafi mpaka kwa mteja, baada ya korona naona tunazunguka palepale, huyu anasema turudishe viwanda nyumbani, yule anasema tujaze maghala, mwingine anasema tuachane kabisa na wasambazaji wa mbali, yani kana kwamba shida yote ni umbali. Mimi kazi yangu ni kupanga uzalishaji kiwandani, tunaunda pampu za maji, na laini iliposimama mwaka 2020 nilikuwa kazini, kwa hiyo ngoja niwasimulie nilichokiona kwa macho yangu.

Pampu ina vitu vyake vikubwa: mota, bodi ya chuma cha kusubu, shafti (mhimili unaozunguka), impela (pangaboi linalosukuma maji). Hivyo ndo tulikuwa tunavilinda kama mboni ya jicho, vina bei, vinachukua nafasi, kila kikao cha Jumatatu bosi anauliza mota zimebaki ngapi. Kilichotusimamisha ni sili. Ile pete ya mpira na uso wake wa kaboni inayozuia maji yasipenye kwenye shafti, ukiishika inaenea kiganjani na kwenye gharama ya pampu nzima huwezi hata kuiona. Tulikuwa na wasambazaji wawili wa sili, na kwenye faili la hatari tuliandika kwa kujiamini kabisa kwamba hapo pako salama, vyanzo ni viwili.

Msambazaji wa kwanza akaandika hana mzigo. Tukamgeukia wa pili, naye hana, na tarehe aliyotupa ya kupata mzigo mpya ilikuwa ileile ya mwenzake. Hapo ndo nikashtuka. Nikashuka stoo, mimi na mzee wa stoo tukatafuta maboksi ya zamani, moja la huyu na moja la yule, tukatoa pete za mpira tukazipanga mezani chini ya taa. Kwa ndani ya pete huwa kuna kaalama kanakoachwa na moldi, yani kalibu inayoupa mpira umbo, kanamba kamoja na kamstari. Tukageuza ya kwanza, tukageuza ya pili. Kanamba kalekale, kamstari kalekale. Wale wawili walikuwa wananunua mpira kwa mtu mmoja, na kiwanda cha huyo mtu kilikuwa kimefungwa kwa zuio la korona lililokataza watu kutoka nje ya majumba yao.

Tulisimama wiki saba. Mota zilikuwepo za miezi minne, zimepangwa vizuri kabisa zinatuangalia, na vibarua wakarudishwa makwao, hilo ndo linaniuma mpaka leo maana hawakukosea chochote.

Sasa hoja yangu ni hii: kabla hujaongeza stoki, kabla hujahamisha kiwanda, jua kwanza ni kitu gani kinaweza kukusimamisha na nani hasa anakitengeneza, siyo nani anakuuzia. Na mara nyingi kitu hicho ni cha bei chee na kimejificha ngazi ya tatu au ya nne huko chini, kwa anayemuuzia anayekuuzia.

Na hili halikuanza na korona. Machi 2012 kiwanda cha kemikali cha Evonik kule Marl, Ujerumani, kililipuka, wafanyakazi wawili wakafariki. Walikuwa wanatengeneza kemikali inayoingia kwenye plastiki moja ya nailoni, na plastiki hiyo ndo inatumika kwenye mirija ya mafuta na breki za magari. Kampuni za magari zilijikuta zinaitana kikao cha dharura Michigan mwezi uliofuata, na kemikali yenyewe walikuwa hawainunui wao, inanunuliwa na anayemuuzia anayewauzia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tetemeko la Machi 2011 Japan lilisimamisha kiwanda cha Merck pale Onahama, kiwanda pekee duniani kilichokuwa kikitengeneza rangi ya unga inayoitwa Xirallic, ile inayofanya gari ing'ae. Ford na Chrysler wakalazimika kuzuia oda za baadhi ya rangi. Fikiria unaunda gari zima halafu unakwamishwa na unga wa mng'ao.

Karibuni tujadili, hasa mlioko viwandani.

Mhasibu_Mkongwe:

Mkuu pole kwa yaliyowakuta, ila mimi nimekaa upande wa hesabu miaka mingi, naomba niseme wasichopenda kusikia watu wa uzalishaji. Stoki ni hela imelala. Kila korona ikitajwa naletewa maombi ya kuongeza akiba ya hiki na kile, nikiuliza kwa nini miezi mitatu na siyo mmoja sipati jibu, naambiwa tu "tusije tukakwama tena". Ghala linalipiwa, bima inalipiwa, mkopo una riba, vingine vinaharibika, vingine mteja anabadilisha modeli vinabaki mzigo. Ule mfumo wa kuleta vitu kwa wakati tu vinapohitajika haukuwa ujinga, ulipunguza hasara nyingi sana na ulifichua kasoro ambazo stoki ilikuwa inazifunika. Naona sasa hivi kila mtu anautupia lawama.

MpangaLaini:

Mzee wangu nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, na ndo maana sijasema tujaze maghala. Mfumo huo uliasisiwa na Toyota, Taiichi Ohno na wenzake, na angalia hao Toyota wenyewe walifanya nini. Baada ya tetemeko la 2011 waligundua kuna vitu hawajui vinatoka wapi, kiwanda cha Renesas pale Naka, cha chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoongoza mitambo ya gari, kiliharibika na magari yakakwama. Hawakuutupa mfumo wao. Walikaa chini wakachora ramani ya wasambazaji mpaka ngazi za chini kabisa, kisha kwa vile vitu vichache ambavyo kuvipata upya kunachukua muda mrefu, chipu zikiwemo, wakawataka wasambazaji washike akiba ya miezi miwili mpaka sita. Vingine vikaendelea kuja kwa wakati kama kawaida.

Ukaja 2021, kampuni nyingine zinafunga laini kwa kukosa chipu, Toyota akaendelea kuzalisha kwa miezi kadhaa. Siyo kwamba aliponea moja kwa moja, Agosti mwaka huo alitangaza kukata uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40 baada ya korona kupamba moto kusini mashariki mwa Asia. Lakini ile miezi aliyoendelea kutembea wakati wenzake wamesimama haikuja kwa bahati.

Kwa hiyo swali lako la "kwa nini miezi mitatu na siyo mmoja" ni swali zuri kuliko unavyodhani, na lina jibu, nitalirudia chini.

Dada_Manunuzi:

Nimesoma mpaka mwisho nikatamani kulia na hiyo habari ya moldi maana yametukuta. Mimi niko manunuzi na ninataka tuongelee kitu watu hawapendi kukisema, nacho ni tabia zetu sisi wanunuzi.

Mwanzoni mwa 2020 viwanda vya magari viliona mauzo yanaporomoka vikakata oda za chipu. Sawa, inaeleweka. Ila watu wakafungiwa ndani, wakanunua kompyuta na simu na vifaa vya michezo, watengeneza chipu wakaipeleka nafasi ile huko. Magari yalipoanza kuuzika tena mwishoni mwa mwaka, wakarudi wakakuta foleni, na chipu siyo mkate, toka inaanza kutengenezwa mpaka inatoka ni miezi mitatu au zaidi, kiwanda kipya ni miaka. Hakuna aliyewafanyia ubaya, walitoka wenyewe kwenye foleni.

Sisi huku chini tunafanya hivohivo kila siku. Ukiona kitu kinaadimika unaagiza mara mbili, unaagiza kwa watu watatu ili wa kwanza atakayeleta ndo huyo, wengine unakata. Msambazaji anaona oda zimefura anadhani soko limekua, anamwagiza wa juu yake zaidi, yule naye anaongeza chake, kufika kiwanda cha mwanzo mahitaji yameumuka kama unga wenye hamira. Halafu ghafla wote wanakata oda kwa pamoja. Jay Forrester wa chuo cha MIT kule Marekani alishaeleza mwendo huu toka miaka ya 1960, na Procter & Gamble waliuona kwenye nepi za watoto, watoto wanatumia nepi kwa kiwango kilekile wiki hadi wiki lakini oda za kiwandani zinapanda na kushuka kama mawimbi.

Dawa yake naiona moja tu, mwambie msambazaji ukweli. Mpe makadirio yako ya miezi sita, ukibadilisha mwambie mapema, ukikata oda mpigie simu kabla ya barua. Mwaka 2021 mzigo ulipokuwa mdogo mimi nilipata, wenzangu wenye oda kubwa kuliko zangu wakakosa, na msambazaji wangu aliniambia wazi kwamba wakati wa shida ya 2020 ni sisi tulimlipa kwa wakati.

Bandarini24:

Mimi niko upande wa usafirishaji wa makontena, niongezee kidogo. Watu wanaikumbuka Ever Given kwa sababu picha zake zilikuwa kubwa, meli ya mita 400 imelala kwenye mfereji wa Suez toka tarehe 23 mpaka 29 Machi 2021, na pale inapita takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia. Lakini kwa kazi yetu zile siku sita hazikuwa mbaya kama yaliyofuata. Mei mwaka huohuo bandari ya Yantian ilipunguza kazi karibu mwezi mzima, Agosti kituo cha Meishan pale Ningbo kikafungwa kama wiki mbili kwa mfanyakazi mmoja aliyepimwa akakutwa na korona. Nje ya Los Angeles na Long Beach kulikuwa na zaidi ya meli 100 zinasubiri. Makontena matupu yako bara moja, mizigo iko bara lingine.

Mwisho wa 2023 tena meli zikawa zinashambuliwa Bahari Nyekundu, zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, siku 10 mpaka 14 zaidi. Ninachowaomba mnaopanga uzalishaji, acheni kupanga kwa wastani. Unaniambia safari ni siku 30, mimi najua kuna mwaka ilikuwa 30 na kuna mwaka ilikuwa 75. Niulizeni ilivyokuwa mbaya ilifika ngapi, nitawaambia, kumbukumbu ninazo.

Kijana_wa_Viwanda:

Mimi bado naamini suluhisho ni kuzalisha nyumbani. Marekani walipitisha sheria ya kusaidia viwanda vya chipu Agosti 2022, dola bilioni 52 na ushee, Ulaya nao wana yao. Hawa siyo wajinga, sehemu kubwa mno ya chipu za kisasa kabisa inatoka kisiwa kimoja tu, Taiwan. Kwa nini tusiseme tu kila nchi ijitengenezee vitu vyake?

MpangaLaini:

Kijana hoja yako ina uzito, na kwa chipu naona wana haki kuogopa, kuweka kitu kama kile sehemu moja ni hatari kwa yeyote yule. Ila tofautisha kutawanya na kurudisha. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, umeme ukakatika, viwanda vya chipu vya Samsung, NXP na Infineon pale Austin vikasimama, na vya kemikali vikasimama pia mpaka sponji za viti vya gari zikaadimika. Mnunuzi wa Kimarekani hapo alikuwa nyumbani kabisa. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Machi, moto ukawaka Renesas Naka, kiwanda kilekile cha tetemeko la 2011, na wateja wake wakubwa wako humohumo Japan.

Ukirudisha kila kitu mahali pamoja umebadilisha tu anwani ya hatari. Na hata ukijenga kiwanda cha chipu nyumbani bado unahitaji gesi ya neoni kwa ajili ya leza zake, na kabla ya 2022 karibu nusu ya neoni ya kazi hiyo ilitoka kampuni mbili za Ukraine, moja Mariupol moja Odesa. Vita ilipoanza zote zikasimama. Kilichosaidia ni kwamba bei ya neoni ilishawahi kuruka baada ya Urusi kuichukua Krimea 2014, watengeneza chipu wakajifunza kushika akiba na kutafuta vyanzo vingine, kwa hiyo safari hii hawakukwama kama ilivyoogopwa. Wale walikuwa wamejua mapema kitu kinachoweza kuwasimamisha.

Mhasibu_Mkongwe:

Haya sasa, ulisema utajibu swali langu la miezi. Nasubiri.

MpangaLaini:

Naam mzee. Kuna Profesa David Simchi-Levi wa MIT, yeye na wenzake walifanya kazi na Ford, na njia yao ndo tunayoitumia sisi kwa udogo wetu. Acha kujiuliza ni janga gani litatokea, maana hutolijua. Kwa kila kituo cha msambazaji uliza mambo mawili tu. La kwanza, huyu akisimama leo kwa sababu yoyote, moto, mafuriko, ugonjwa, atachukua muda gani kurudi? La pili, mimi bila yeye naweza kuendelea kumpa mteja mzigo kwa muda gani? Kama wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza, usiongeze hata kipande kimoja. Kama ni mfupi, hilo pengo ndo miezi yako.

Kwetu sili: mwenye moldi aliniambia moldi mpya na majaribio yake ni wiki 14. Sisi tulikuwa na stoki ya wiki tano. Pengo wiki tisa. Mota: fundi wa kuzisuka upya yupo na kuna kiwanda cha pili kweli tofauti, wiki sita, na sisi tulikuwa na miezi minne. Kwa hiyo tulipunguza mota tukaongeza sili, na mzee nakuambia ukweli, hela iliyolala stoo ilipungua. Walichokiona Ford ni hichohicho, vitu vinavyotumia fedha nyingi havikuwa lazima ndo vyenye hatari kubwa, vya bei ndogo vilikuwa vinatisha zaidi.

Na pengo siyo lazima lizibwe kwa stoki. Unaweza kupunguza muda wa kurudi. Sisi tulinunua moldi ya pili, ni mali yetu, tumeiweka kwa mtu mwingine mji mwingine, na pete zake zimeshapimwa na kupitishwa na mhandisi wetu kabla hatujazihitaji. Hapo kwenye kupitishwa ndo wengi wanakwama. Unaweza kupata mbadala kesho lakini karatasi za majaribio zikachukua miezi.

Mfano wake ni moto wa Machi 2000 kwenye kiwanda cha chipu cha Philips pale Albuquerque. Radi ilipiga, moto ukazimwa kama dakika kumi, wateja wakaambiwa ni wiki moja tu ya kuchelewa. Nokia, waliokuwa wakinunua chipu za simu zao pale, hawakuridhika, wakawa wanafuatilia kila siku, wakatuma watu, wakabadilisha michoro ili chipu zitoke kwingine. Ericsson, nao watengeneza simu na wateja wa palepale, wakasubiri. Hasara yao ilikuja kuwa kama dola milioni 400, na mwaka uliofuata biashara yao ya simu wakaiunganisha na Sony.

Fundi_wa_Zamu:

Nami niseme la kwetu mafundi, maana mnaongea ramani na hesabu tu. Februari 1997 kiwanda cha Aisin pale Kariya kiliungua, walikuwa wanatengeneza vali ndogo ya breki, karibu zote za Toyota. Viwanda vya Toyota karibu vyote huko Japan vikasimama. Kilichowaokoa ni kwamba Aisin walitoa michoro wazi, na viwanda kibao vikaanza kuichonga vali ile kwenye mashine zao za kawaida, hata Brother, watengeneza cherehani, walishiriki. Baada ya siku chache magari yakaanza kutoka. Hao watu walikuwa wanajuana na kuaminiana toka zamani, na mafundi wao walikuwa wanaweza kushika kazi ambayo siyo ya kwao. Kiwanda ambacho kila fundi anajua mashine moja tu hata ukikipa akiba ya mwaka mzima siku ya shida kitababaika. Tufundisheni kazi tatu nne kila mmoja, na michoro iwe ya kisasa, siyo ile iliyoko kichwani kwa mzee mmoja anayekaribia kustaafu.

Mzee_wa_Stoo:

Ndo mimi niliyefungua maboksi na MpangaLaini, kijana wangu kaniambia nisome huku. Naomba niongeze moja tu. Mpira unazeeka. Ukiambiwa weka sili za wiki 14 usiziweke nyuma ukazisahau ukawa unatoa zile mpya za mbele. Ziweke kwenye giza, mbali na joto na mbali na mota zinazowashwa, andika tarehe kubwa kwenye kila boksi, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Tulikuta kopo la pete toka enzi za meneja aliyepita, ukiivuta inapasuka kama ganda la yai. Kwenye kompyuta zilikuwa zinahesabika kama stoki nzima.

Kijana_wa_Viwanda:

Nimerudi. Sisi tunatengeneza feni. Jana baada ya kusoma nilibaki kazini nikafungua maboksi ya wasambazaji wetu wawili wa kapasita, kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kinachosaidia mota ya feni kuzunguka. Lebo za nje tofauti, rangi tofauti. Nikapasua moja moja. Zile za kwanza zimejazwa nta ya njano na waya umeviringwa kushoto, za pili nta ya kijivu, waya kulia, kwa hiyo nikafurahi. Halafu nikatazama filamu ya ndani, na pembeni yake kuna maandishi madogo ya aliyeitengeneza filamu. Ni jina moja kwenye zote mbili.

MpangaLaini naomba uniambie ulimpataje yule mwenye moldi, wasambazaji wako walikubali kumtaja?

MpangaLaini:

Mmoja alikataa, akaogopa nitamruka nikanunue moja kwa moja. Nilimwandikia barua ya kumhakikishia kwamba sitanunua kule kwa miaka mitatu, ninachotaka ni kujua mji, mashine ngapi, na wiki ngapi za kurudi kazini wakisimama. Baada ya siku nne akanipa. Anza na maswali hayo matatu kwenye filamu yako, na usimuulize afisa mauzo, omba uongee na mtu wa uzalishaji wa kwao. Barua niliyotumia nitakutumia inbox.